Ramani ya Bi Hodi

Ramani zilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya upimaji, watu walianza kwa kucheka. Viwanja vya mtaa mzima vilikuwa pale, kila kimoja kimechorwa kwa mstari mwekundu juu ya picha iliyopigwa kutoka angani, mapaa ya bati na vichochoro vyote vikionekana. Vingi vilikuwa na pembe nne, kama ilivyo kwa kiwanja chochote chenye heshima zake. Kiwanja namba arobaini na moja kilikuwa na mikono. Mkono mmoja ulivuka kichochoro ukaingia katikati ya stoo ya muuza mkaa. Mwingine uliizunguka nyumba ya mwalimu mstaafu ukafika karibu na choo. Wa tatu uliingia kwa kinyozi kwa mlango wa mbele, ukatokea nyuma, kisha ukarudi tena mbele kana kwamba umesahau kitu.

"Hiki si kiwanja, ni pweza," kinyozi alisema.

"Ni cha Bi Hodi," mwalimu mstaafu alisema baada ya kuvaa miwani, na kicheko kikapungua, kwa sababu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yao, kajifunga kanga kiunoni, anatazama ukuta kama mtu aliyeonyeshwa picha yake akiwa amelala mdomo wazi.

Jina hilo alipewa na mtaa. Mama yule hakuweza kupita mlango wa mtu bila kubisha, wala kubisha bila kuingia, wala kuingia bila kukaa "kidogo tu, nina haraka." Akitumwa chumvi dukani, chumvi ilifika nyumbani mboga imeshaliwa. Watu walimpenda kwa hilo na walimcheka kwa hilo hilo, naye alivichukua vyote viwili bila kinyongo.

Muuza mkaa hakucheka. "Mstari umepita juu ya magunia yangu," alisema. "Kesho mtu akija na karatasi hii, mkaa utakuwa wa nani?"

"Utakuwa wangu?" Bi Hodi aliuliza. "Nikaufanyie nini? Nusu yake vumbi."

Watu wakaangua kicheko tena, lakini muuza mkaa alikuwa ameshaingia ndani kuandika pingamizi kwenye daftari. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Kila aliyetoka alimsalimu Bi Hodi kwa adabu kuliko kawaida yake, macho yakiwa chini, na yeye akawaitikia wote na kuwauliza habari za watoto. Kufika adhuhuri pingamizi zilikuwa tano. Hapo ndipo mwalimu mstaafu alipomsomea tangazo lililobandikwa chini ya ramani: makosa yasahihishwe kabla ya Ijumaa saa kumi jioni; kila jirani anayepakana na kiwanja aweke sahihi; kiwanja kitakachokosa hata sahihi moja hakitasajiliwa, kitaandikwa eneo la wazi.

"Eneo la wazi maana yake nini, mwalimu?"

"Maana yake si la mtu, mama."

Ilikuwa Jumatano. Bi Hodi alikuwa ameishi pale miaka arobaini. Alirudi nyumbani moja kwa moja bila kuingia kwa mtu yeyote, na waliomwona akipita hivyo walijua kwamba limemwingia.

*

Mke wa mwanawe, yaani mkamwana wake, alikuwa mpimaji katika ofisi ile ile. Siku hiyo alikuwa mtaa wa mbali akipima, viatu vimejaa tope, alipoitwa na mkuu wa ofisi. Mkuu alikuwa mama mmoja asiyepaza sauti, jambo lililowatia watu hofu zaidi. Pembeni yake alikuwa amekaa mpimaji mwenzake, mtu mzima mnene waliyemwita Bwana Kofia kwa ajili ya kofia yake pana ambayo hata ndani ya nyumba haikumtoka.

Utaratibu wa kazi yao ulikuwa mwepesi. Mwenye kiwanja ndiye anayebeba kifaa cha GPS, kitu cha kijani kinachoenea kiganjani ambacho mtaa mzima ulikiita kijiredio. Anakishika mbele ya kifua, anatembea juu ya mpaka wake mpaka arudi alipoanzia. Kijiredio kinaongea na setilaiti na kuandika kila alipokanyaga. Mpimaji anafuata nyuma hatua tatu, kimya. Waliopanga hivyo walitaka mtu achore ardhi yake kwa miguu yake mwenyewe, asije mtu baadaye akasema alichorewa. Na mpimaji haruhusiwi kumpima ndugu yake, ndiyo sababu Bi Hodi alipangiwa Bwana Kofia.

"Ulimfuata hatua tatu?" mkuu aliuliza.

Bwana Kofia alijikuna shingo. "Jua lilikuwa kali, mkuu. Nilikaa kwa kinyozi nikamwambia azunguke tu, mimi nipo."

"Ulikuwa unanyolewa."

"Ndevu tu."

"Na mama akaingia kwa kinyozi, kifaa mkononi, ukamwona."

"Nilimwona, mkuu."

"Ukafanya nini?"

"Alinisalimia," Bwana Kofia alisema kwa unyonge. "Nikamwitikia."

Mkuu alifumba macho kidogo, kisha akamgeukia mkamwana. "Unajua kinachosemwa huko nje? Kwamba mfanyakazi wangu amempanulia mama mkwe wake kiwanja kwa kutumia mitambo ya ofisi."

Mkamwana alihisi uso unamwaka. Miaka minne ya kutembea juani na kupimia watu mipaka kwa uaminifu, na sasa anaangaliwa kama mwizi wa kichochoro.

"Ijumaa atarudia," mkuu alisema. "Bwana huyu atamfuata hatua tatu, hata jua lishuke mpaka kichwani. Wewe utashika simu uangalie mstari unavyojichora. Sahihi za majirani nataka zote sita. Tano si sita."

*

Jioni, kabla giza halijaingia, mkamwana alifuta meza, akaketi karibu na mama mkwe wake na kufungua simu janja ya kazini. Alikuwa ameomba ruhusa ya kuitazama ile njia ya kwanza, nukta kwa nukta. Bi Hodi hakutaka kuangalia. Alijifanya anachambua mchele.

"Mama, sogea basi. Sikuonyeshi ili nikulaumu."

"Nimeshaona mikono yangu ukutani. Imetosha."

"Kila nukta hapa ni sekunde tano. Ukitembea zinakaa mbali mbali, ukisimama zinarundikana kama siafu. Tazama hapa. Hapa umekaa dakika kumi na mbili."

Bi Hodi alinyoosha shingo. "Wapi hapo?"

"Kwa muuza mkaa."

"Ah. Mke wake alikuwa na homa. Nilimsaidia kumwosha mtoto." Alisogeza kiti. "Na huku?"

"Kwa mwalimu. Dakika ishirini."

"Yule baba hana mtu wa kuongea naye tangu binti yake ahame. Ukimwuliza habari anaanzia mwaka aliozaliwa. Ningetokaje?"

Mkamwana alipitisha kidole polepole, na Bi Hodi akamsomea mtaa wake: hapa alikunywa chai, hapa aliombwa kushika kamba ya kuanikia nguo, hapa alitaka kupita tu lakini mama wa mapacha akamwona dirishani. Mkamwana alikuwa amepima viwanja zaidi ya mia mbili, hajawahi kuona ramani iliyokuwa na ukarimu kama ile. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mama mkwe wake akacheka naye.

Kisha kidole kikafika upande wa kaskazini, kwenye uzio wa michongoma unaotenga kiwanja chao na cha mshonaji. Pale mstari ulinyooka kama uliopigwa rula. Nukta nne, basi.

"Mama, hatua arobaini kwa sekunde ishirini. Na magoti haya? Hapa ulikimbia."

Bi Hodi alirudi kwenye mchele wake. "Nilikuwa na haraka."

"Nyumba zote hukuwa na haraka."

"Si ameweka uzio? Mtu akikuwekea miiba, utamwingilia wapi?"

Mkamwana hakuuliza zaidi. Tangu aolewe katika nyumba ile, miaka sita sasa, alijua kwamba nguo zao hushonwa mtaa wa tatu ilhali cherehani ya jirani husikika mpaka chumbani. Hakuna aliyemwambia, alielewa tu, kama mgeni anavyoelewa kiti kipi si cha kukaliwa. Lakini sahihi ya sita ilikuwa ya mshonaji.

Mumewe alipiga simu kutoka barabarani, alikokuwa akiendesha lori. Alisikiliza yote, akasema, "Andikeni jina langu, mimi nitakuja kuzunguka dakika tano, tumalize."

"Lini?" mama yake alidakia kutoka upande wa pili wa meza.

"Wiki ijayo, mama."

"Wiki ijayo nitakuwa nalala eneo la wazi. Endesha gari lako, mwanangu. Angalia mbele."

*

Alhamisi mkamwana aliomba ruhusa ya nusu siku akapita nyumba kwa nyumba. Alianza na muuza mkaa, akiamini kwamba aliye mkali zaidi ndiye wa kumaliza naye kwanza. Alimkuta anafunga magunia, akasimamishwa nje kama mdai, akamwomba radhi kwa niaba ya ofisi na kwa niaba ya nyumba yake.

"Mimi sina shida na mama," muuza mkaa alisema bila kuinua kichwa. "Nina shida na karatasi. Mama atakufa siku moja, sote tutakufa, karatasi itabaki inasema stoo ni yenu."

"Ndiyo maana kesho atarudia. Atapita juu ya mpaka tu, hataingia kwa mtu."

Muuza mkaa aliacha kamba. "Hataingia? Bi Hodi apite hapa, asikie mke wangu anakohoa ndani, asiingie?"

"Tumeshamwambia."

"Hawezi. Mtamtesa bure mama wa watu." Alisimama akajipangusa mikono, akafikiri, uso bado umekunjwa. "Basi sisi ndio tutoke. Tusimame mpakani, kila mtu kwake. Akishatuona wote hapo nje ataingia ndani kumtafuta nani?"

Mkamwana alitaka kumkumbatia, masizi yake na yote. Kinyozi alikubali, na fundi baiskeli, na mama wa mapacha, na mwalimu mstaafu ambaye alitaka kujua asimame kuanzia saa ngapi ili apige pasi shati. Ikabaki nyumba moja.

Mshonaji alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, nywele zimeanza mvi, futi ya kitambaa shingoni. Hakusimamisha cherehani. Mkamwana alisimama mlangoni, akaeleza, akangoja pindo zima limalizike.

"Amekwambia tulikosana kwa nini?" mshonaji aliuliza hatimaye.

"Alisema ni uzio."

"Uzio." Mshonaji alikata uzi kwa meno. "Haya. Sahihi yangu ipo, mwanangu, sina ugomvi na wewe. Lakini sitaitoa kwa kutumiwa mtu. Mwambie aifuate mwenyewe."

Mkamwana aliufikisha ujumbe jinsi ulivyo. Bi Hodi alikuwa amekaa kitandani, goti moja limevimba, anajikanda kwa maji ya moto. Aliendelea kujikanda mpaka maji yakapoa.

"Si uzio," akasema. "Uzio ulikuja baadaye. Baba mkwe wako alipofariki, yule alikaa na mimi siku nne. Alipika, alifua, alinilaza. Siku ya nne akaniletea sahani akanibembeleza nile hata kidogo. Nyumba imejaa watu. Nikamwambia, wewe hujawahi kuolewa, utajua nini uchungu wa kufiwa na mume? Nilisema kwa sauti. Aliweka sahani chini, akanawa mikono, akaenda kwake."

"Mama."

"Mwaka wa kwanza niliona aibu. Nilitaka kwenda, kila siku nasema kesho. Mwaka wa pili aibu ikageuka hasira, nikaanza kusema ni yeye, mbona haji? Miaka tisa sasa. Mimi ninayeingia kila mlango wa mtaa huu." Alijifuta uso kwa upindo wa kanga. "Na mume wangu ndiye angekuwa wa kwanza kunifukuza niende."

Mkamwana alichukua kitambaa, akakichovya upya, akaanza kumkanda goti.

*

Ijumaa saa nane na nusu mchana walianza. Bwana Kofia alisimama hatua tatu nyuma, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Mkamwana alikuwa pembeni yake na simu mkononi, akiona nukta ya kwanza ikitokea kwenye kona ya mbele ya nyumba. Walikuwa wamesubiri pale dakika nzima mpaka kijiredio kikapata setilaiti tisa, mbali na ukuta ili bati la paa lisizuie mawimbi. Bi Hodi alikishika kwa mikono miwili mbele ya kifua kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto.

Muuza mkaa alikuwa amesimama mpakani pamoja na mkewe, mtoto mgongoni.

"Homa imeisha?" Bi Hodi aliuliza, miguu ikiendelea.

"Imeisha, mama. Nenda, nenda."

Mwalimu mstaafu, shati limenyooka, alimwamkia, na alipoona anapunguza mwendo akampungia mkono kama askari wa barabarani. "Pita, mama. Habari zangu nitakuletea nyumbani." Kinyozi alikuwa amefunga mlango wa mbele na wa nyuma, asije akashawishika yeyote. Mama wa mapacha aliwainua watoto wote wawili waonekane. Fundi baiskeli akapiga kengele. Kwenye simu, mstari mwekundu ulinyooka, ukakata kona, ukanyooka tena. Goti lilikuwa linamuuma Bi Hodi, aliuma mdomo, lakini hakusimama hata mara moja. Ilikuwa saa tisa kasoro robo walipofika upande wa kaskazini.

Mpakani hapakuwa na mtu. Nyuma ya michongoma cherehani ilikuwa inanguruma.

Bi Hodi alikwenda hatua kumi, kumi na tano, kisha akasimama. Nukta zikaanza kurundikana kwenye simu. Majirani waliokuwa wamemfuata kwa mbali wakasogea karibu.

"Hodi," alisema. Akarudia. "Hodi kwako, shoga yangu."

Cherehani ikasimama.

"Najua unanisikia. Nilikuja kuomba sahihi, lakini kabla ya sahihi kuna neno langu ulilonalo miaka tisa. Nilikwambia mbele za watu kwamba hujui uchungu wa kufiwa. Na sasa nasema mbele za watu, wote hawa wananisikiliza, hata huyu mwenye kofia. Nilikosa. Ulinipikia, ulinilaza, nikakuvunjia heshima nyumbani kwangu. Nisamehe. Sahihi usipotoa, usitoe, lakini nisamehe."

Mlango ulifunguka taratibu. Mshonaji alikuja mpaka kwenye uzio, pini zimechomwa kifuani mwa gauni lake, akamtazama juu ya miiba.

"Mumeo ndiye aliyenitengenezea mlango huu," alisema. "Na paa. Na cherehani ikigoma, ni yeye. Miaka thelathini alikuwa akipita hapa kila asubuhi, dada umeamkaje. Sikuwa na kaka mwingine. Na mimi nilifiwa siku ile. Nyumba imejaa watu, kila mtu anakupa pole wewe, mimi napakua chakula. Hakuna hata mmoja aliyenipa pole."

Bi Hodi alinyoosha mkono juu ya michongoma, miiba ikamkwaruza, hakujali.

"Pole," akasema. "Pole, shoga yangu. Pole kwa kufiwa. Pole sana."

Mshonaji aliupokea ule mkono kwa mikono yake yote miwili, na akalia wazi wazi, kama anavyolia mtu siku ya msiba. Bwana Kofia alivua kofia. Watu wa ofisini hawakuwahi kujua kama ana kipara.

Walipotulia, mshonaji alijifuta macho kwa futi yake ya kitambaa, akaangalia chini miguuni kwa Bi Hodi. "Na unapokanyaga hapo ni kwangu," akasema.

Mkamwana alishusha simu. "Mpaka si uzio?"

"Mpaka uko hatua moja upande wenu, kwenye mawe yale. Nilipopanda michongoma niliirudisha kwangu hatua moja. Nilikuwa na hasira, lakini nikasema, siku akija, apate pa kupita." Aligeuka akasema na simu badala ya kusema na mtu. "Andikeni mpaka uwe uzio. Hatua hiyo nilishampa zamani."

"Utaandika sahihi?" mkamwana aliuliza, akinyoosha karatasi juu ya miiba.

"Nitaandika. Lakini mimi siandiki nimesimama kwenye miiba. Aje ndani tukae."

Wote wakamtazama Bi Hodi, na Bi Hodi akakitazama kijiredio. "Nikiingia na hiki nitakula nyumba yako," alisema kwa huzuni ya kweli. "Hiki hakina adabu, kinaandika kila kitu."

Mkamwana alitazama saa. Tisa na dakika tano, na ofisi ilikuwa mwendo wa nusu saa. Alijua ilivyo kazi yake: kuhimiza, kusema muda hautoshi, mama utakaa naye kesho. Badala yake aligusa skrini ya simu mahali palipoandikwa simamisha. Mstari mwekundu ukaganda. Akamtazama Bwana Kofia, mpimaji halali wa siku ile, ambaye angeweza kukataa. Bwana Kofia alivaa kofia yake, akachuchumaa penye kivuli.

"Setilaiti zimepungua," alisema. "Tuzisubiri kidogo."

Bi Hodi alizunguka mwisho wa uzio, mshonaji akamshika kiwiko, wakaingia, kijiredio bado kifuani maana alikisahau. Mlango ulirudishwa. Ikasikika sauti moja, kisha zote mbili kwa pamoja, kisha kicheko ambacho kilikatikia njiani kikawa kitu kingine. Dakika zilikwenda. Muuza mkaa alikwenda kuleta pikipiki yake akaiwasha, akaiacha inanguruma mbele ya nyumba bila kuambiwa. Mkamwana alisimama pale pale ilipogandia nukta ya mwisho ili mama yake apajue pa kurudi, na hakuwaita.

Walitoka saa tisa na nusu. Bi Hodi alikuwa na karatasi, macho mekundu, amekwisha kusahau goti. Alisimama alipoonyeshwa, mkamwana akagusa skrini, mstari ukaamka, na hatua ishirini na tano zilizobaki alizitembea polepole kuliko zote, mshonaji akienda sambamba naye upande wa pili wa michongoma.

Mkuu wa ofisi alipokea karatasi saa kumi kasoro dakika nne kutoka kwa mkamwana aliyeshuka kwenye pikipiki na masizi ya mkaa mpaka shavuni. Alihesabu sahihi kwa kalamu. Moja hadi sita. Akagonga muhuri.

*

Jumatatu ramani mpya ilibandikwa. Kiwanja namba arobaini na moja kilikuwa na pembe nne na jina la mwenyewe, na hakuna aliyekiangalia mara mbili, isipokuwa kinyozi aliyesema pweza alikuwa mzuri zaidi. Bi Hodi alikuja na mkamwana wake upande mmoja na mshonaji upande wa pili. Aliufuata mstari kwa kidole, mlango kwa mlango, akitaja wenyewe, mpaka akafika upande wa kaskazini. Akapasugua kwa kucha.

"Na pale nilipoingia, mbona hapaonekani?"

"Nilikuwa nimekisimamisha, mama."

"Muda wote ule?"

"Wote. Haukuandikwa popote."

Bi Hodi aliendelea kutazama, kidole bado ukutani, uso umemwanguka kidogo.

"Haidhuru," mshonaji alisema. "Mimi nilikuwepo."